Mawe Yaliyosogezwa Lweba

Asubuhi ile nilifika kando ya ziwa na beseni la ndagala, dagaa wa ziwa letu, kichwani, nikakuta mawe yamesogezwa. Si mawe yangu. Yalikuwa ya jirani yangu wa mkono wa kushoto, mjane ambaye sote tulimwita yaya, kama dada aliyetutangulia kuzaliwa, kwa sababu alituzidi umri na kwa sababu hakuwahi kumjibu mtu vibaya. Mstari wa mawe uliotenganisha kipande chake na kile cha pembeni ulikuwa umeingia kwake kiasi cha mtu mzima kulala akajinyoosha. Nilisimama pale, maji ya samaki yakinichuruzika mabegani, nikauliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye mitumbwi, "Nani amefanya huu ujinga?"

Bamama waliinama wakaendelea kutandaza samaki kana kwamba nilikuwa nazungumza na ziwa.

Niseme kwanza jinsi tunavyofanya kazi. Kwetu Lweba wanaume huvua usiku kwa taa, na sisi wanawake huwapokea asubuhi na kuanika. Ndagala haianikwi popote. Ukiitupa kwenye mchanga laini, mchanga unashika, na mnunuzi akitafuna moja tu na kusikia kitu kwenye meno, umekwisha. Inataka sehemu ya juu yenye kokoto ndogondogo, inayopata jua mapema. Zamani sehemu hiyo ilikuwa pana. Lakini miaka hii ziwa limepanda, limekula ufuko, limekula na nyumba za watu, na sisi tumebaki tumebanana. Kila mmoja ana kipande chake. Mipaka ni mawe, na anayekifagia kila alfajiri anajulikana kuwa ndiye mwenyewe.

Tunayo pia desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuipigia kura. Mvua ikitisha, unaokota kwanza samaki wa yule ambaye hayupo, ndipo unaokota wako. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Leo wewe uko shambani kwenye muhogo, kesho mimi niko sokoni mjini Baraka, na mvua ya kwetu haimsubiri mtu.

Sasa, aliyesogeza mawe tulimjua sote. Alikuwa dada wa mkubwa mmoja wa vijana wenye bunduki waliokaa kilimani juu ya kijiji. Walisema wanatulinda. Labda kuna siku walitulinda kweli, sitaki kuwadhulumu. Lakini yule mkubwa hakuchaguliwa na mtu. Hakuwa na kikao wala mshauri. Alilosema lilikuwa limeshakuwa. Dada yake alikuja ufukweni msimu uliopita, tukampa kipande pale mwisho, baada ya yaya, kwa moyo mweupe. Tulimpa hata ufagio.

"Aka, mama, acha kelele," mmoja aliniambia nilipozidi kulalamika. "Ufuko ni murefu. Atatosheka."

"Kama ni murefu, mbona hakuenda upande ule mwingine?"

"We nawe! Unataka batushukie na bunduki juu ya mawe?"

Yaya mwenyewe alichukua ufagio wake akafagia sehemu iliyobaki, polepole, hadi kwenye mstari mpya, akaishia hapo. Kumwona akiishia hapo kulinikera kuliko yale mawe.

Huu ulikuwa wakati ambao redio haikuwa na habari nyingine ila vita. Miji mikubwa ya kaskazini ilikuwa imechukuliwa mmoja baada ya mwingine na wapiganaji walioungwa mkono na nchi nyingine, na watu walikuwa wanashuka kwetu kwa mitumbwi na magodoro yao, watoto, kuku, sufuria. Huko Ulaya nako, taifa kubwa moja lilikuwa linameza vipande vya jirani yake. Mume wangu anapenda redio kuliko ugali. Kila saa ya habari ananyamazisha nyumba nzima. Tukawa tunasikia maneno yale yale: mataifa yana wasiwasi mkubwa, mataifa yanafuatilia kwa karibu, mataifa yanaomba pande zote zijizuie. Pande zote! Mimi nilikuwa namenya muhogo, kisu kikanitoka mkononi kwa hasira. Mtu amekuja nyumbani kwangu amekaa kitandani kwangu, halafu jirani anasimama mlangoni anatuomba wote wawili tutulie.

"Haya mataifa yanayopiga kura," mume wangu alisema, "ndio maana yanachelewa. Yule mvamizi anaamka asubuhi anaamuru peke yake, jeshi linakwenda. Hawa mpaka wakae, wabishane, waulize wananchi, wahesabu viti. Wakimaliza, mji umeshabadilishwa bendera."

Nilimwambia hiyo si kasoro ya kupiga kura, huo ni woga uliovaa koti la kikao. Tulibishana hadi chakula kikapoa. Lakini neno lake lilinibaki, kwa sababu ufukweni tulikuwa na hali hiyo hiyo. Sisi tulikuwa chama. Tulikuwa na mama prezidenti tuliyemchagua kwa mikono, mwanamke mwema, mpenda amani hadi unataka kumfinya. Kila jambo kwetu lilianza kwa sala, likaendelea kwa maneno, likaishia kwa maneno. Dada wa mkubwa hakuhitaji hayo. Alihitaji mikono miwili na alfajiri.

Mawe yakasogea tena. Mama prezidenti akatuongoza hadi biro, ofisi ya shefu wa kijiji. Shefu alitusikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema atamwita huyo mama azungumze naye. Tulipotoka, nilimwona akichungulia dirishani kuelekea kilimani. Sikumchukia. Naye ana watoto.

Kisha ikaja ile siku ya kikao nyuma ya kanisa. Yaya hakuwepo. Alikuwa amekwenda Baraka, binti yake alikuwa anajifungua. Mama prezidenti alisali, akakohoa, akasema amezungumza na dada wa mkubwa, na huyo dada amekubali jambo moja: tumwachie rasmi ile sehemu aliyokwisha kuchukua, tuhamishe mpaka pale, naye ataapa hatasogea tena. Hivyo tutakuwa na amani.

Baadhi walipiga makofi. Nawaambia ukweli, makofi.

Nikasimama. "Hicho kipande ni chako, mama prezidenti?"

"Hapana, lakini..."

"Basi toa chako. Na wewe hapo unayepiga makofi, toa chako. Mbona wote muko na huruma sana na mali ya mutu mwingine?"

Mmoja, sitamtaja, akasema kwa sauti ndogo, akiangalia kucha zake, "Lakini yaya naye si mutu wa hapa sana."

Hilo neno "sana" lilinipandisha damu. Yaya alizaliwa juu, kwenye milima ya wafugaji, anaongea lugha ambayo siku hizi ukiisikia sokoni watu wanageuka. Aliteremka kuolewa na mvuvi wa Lweba, Mubembe wa kabila letu, akajifunza kuanika ndagala wakati sisi wengine tulikuwa bado tunacheza na matope. Mume wake amezikwa hapa hapa. Amelia nasi misiba yetu yote. Lakini vita ilipokuja kutoka upande wanakosema lugha inayofanana na yake, watu wakaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni, kana kwamba yeye na ufagio wake ndio waliovusha yale majeshi. Na kumbuka, aliyekuwa anamnyang'anya alikuwa wa kwetu kabisa, wa damu na ukoo! Nilisema hayo yote, na mengine ambayo kanisani hayasemwi.

Tulipiga kura. Nilishindwa. Nilikaa chini. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho redio ilikuwa inanificha. Kura ni kitu kizuri, nitaitetea hadi nife, lakini kuna vitu ambavyo havipigiwi kura. Wengi hawawezi kukaa na kugawa kipande cha mmoja ambaye hayupo. Wakifanya hivyo, hawajashinda uonevu wa yule mwenye bunduki. Wamemsaidia tu kuubeba.

Yaya alirudi na habari za mjukuu, uso unang'aa. Akatuamkia mmoja mmoja. Kisha akaona mstari mpya, mawe yamepangwa vizuri, yamenyooshwa, safari hii na sisi wenyewe. Akauliza. Mama prezidenti akamweleza, maneno yakimkwama.

"Mulikaa kikao?" yaya akauliza.

"Njo, tulikaa."

"Mi nilikuwa Baraka, si mbinguni. Simu iko. Hakuna hata mumoja aliniuliza?"

Akafungua kitenge alichofungia vitu vyake, akatoa vipande vya sabuni alivyotuletea kwa furaha ya kupata mjukuu, akatugawia. Alitugawia sote. Sikuweza kumtazama mama prezidenti wakati anapokea chake.

Amani ile haikumaliza hata msimu wa karanga. Asubuhi moja tulikuta kipande cha yaya kimemezwa chote. Mstari ulikuwa umefika kwenye mawe yangu, umebandikana nayo. Mikeka yake ilikuwa imetupwa kwenye majani, na samaki wa dada wa mkubwa walikuwa wametandazwa toka mwisho hadi mpakani kwangu. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anasuka nywele za mwenzake. Nilimwuliza, na kiapo? Akacheka. "Kwani uliona mi naapa?"

Na kweli, hakuna aliyemwona. Baada ya kikao mama prezidenti alikuwa ameletewa tu habari ya kiapo, mdomoni mwa mtu mwingine.

Tokea hapo yaya akawa anaanika nyuma, kwenye majani, mahali mbuzi wanapita. Samaki wake walikauka vibaya, weusi, wananuka. Alikuwa anaishi kwa ndagala tu. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto wa kiume ziwani. Kila mtu aliona kwamba akikosa kile kipande, ataondoka Lweba. Aende wapi? Milimani kwao nyumba zilishachomwa. Mjini kulijaa wakimbizi. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na si heshima ya chama wala mawe.

Wapo waliosema kwa siri, na wengine si kwa siri, kwamba yaya akiondoka mwenyewe, ugomvi utakwisha. Nikawauliza, mwizi akiingia nyumbani, mnamfukuza mwenye nyumba ili kuwe na utulivu? Wakasema mimi nina mdomo. Ninao. Nimezaliwa nao.

Jambo la kwanza tulilofanya ambalo lilikuwa na meno kidogo lilimhusu mnunuzi. Kuna bwana mmoja anayekuja na pikipiki kununua ndagala na kuzipeleka Kilembwe, huko ndani ambako samaki wa ziwa ni karamu. Tulimwambia: ukinunua kwa yule, usinunue kwetu. Akacheka kama tumemwimbia wimbo, akanunua kwa dada wa mkubwa. Siku za soko zikapita, mafungu yetu yakakaa. Bamama wakaanza kuniangalia mimi, kwa sababu wazo lilikuwa langu. Lilituuma sisi kwanza. Nyumbani kwangu tulikula ndagala asubuhi, mchana na jioni, hadi mume wangu akasema hata redio inanuka samaki. Baadaye mnunuzi akarudi mwenyewe, kichwa chini, kwa sababu mtu mmoja hawezi kumjazia pikipiki. Lakini niliona jinsi ilivyo ngumu. Sasa nikisikia mataifa yanamwekea mkorofi vikwazo na wananchi wao wananung'unika bei zimepanda, sicheki tena. Najua wanachosikia tumboni. Najua pia kwamba kama kikwazo hakikuumi wewe hata kidogo, huenda na mkorofi hakimuumi.

Halafu ikaja mvua.

Ilitokea upande wa rasi ya Ubwari, tukaiona inavuka maji, ukuta mweusi, upepo mbele yake. Dada wa mkubwa hakuwepo. Alikuwa amepanda kilimani kwa kaka yake, na yule mwenzake amekwenda naye. Samaki wao walikuwa wametanda kwenye kipande chote, wengi, wazuri, wamekauka nusu. Tukasimama sote na mabeseni mikononi. Desturi ilikuwa wazi, lakini hakuna aliyetembea.

"Iache ioze!" nilipiga kelele. "Mungu mwenyewe amemuletea!"

Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Nilitaka kuona wale samaki wamegeuka uji.

Nikageuka, nikamwona yaya amechuchumaa katikati ya kipande chake cha zamani, anaokota kwa mikono yote miwili.

"Yaya, we iko na akili kweli? Huyu ndiye alikufukuza!"

Hakuinua kichwa. "Hayupo," akasema.

Basi. Mama prezidenti akatupa kitenge chake begani akainama naye. Wengine wakafuata. Mimi nilisimama nikitukana mvua, kisha nikainama, nikaokota huku bado natukana. Matone ya kwanza yalitupata tukiwa tunamaliza ndagala za kwake, na za kwetu tuliziokota kwa kukimbia, nyingine zikalowa. Tukajibana chini ya bati la mama mmoja anayeuza chai ufukweni, mabeseni yamepangwa miguuni, tukitetemeka.

Pale chini ya bati nilikuwa na hasira sana na yaya, hadi hasira ikaanza kuchoka. Nikawaza: kama tungeacha ndagala ziharibike, yule mama angekuja na bunduki, na angekuwa na la kusema. Angesema, mmeniharibia mali. Na ingekuwa kweli. Na kesho yake, mvua ikija na mimi sipo, nani angeokota zangu? Tungekuwa tumemfukuza mwizi na kuchoma nyumba tuliyokuwa tunaigombania. Lakini nikawaza pia upande wa pili. Kumwokotea ndagala halafu kuzirudisha palepale alipopora, huo si wema, huko ni kumtumikia.

Nadhani mama prezidenti naye alikuwa anawaza hivyo hivyo, maana jua lilipotoka alisema kitu ambacho sikutarajia kutoka kwake. "Samaki ni yake," akasema. "Tutamurudishia yote, hata moja isipotee. Lakini pahali si pake." Kisha akamgeukia yaya, na sauti yake ikashuka. "Yaya, safari hii tunakuuliza. Unataka turudishe mawe?"

Yaya alikamua maji ya mvua kwenye kitenge chake. Chai ilikuwa inachemka nyuma yetu. Nilitaka kumjibia, nikajiuma ulimi, kazi ambayo kwangu ni kubwa kuliko kubeba beseni.

"Nataka," akasema hatimaye. "Lakini kama mutaniacha katikati, muniambie leo. Leo naweza kuondoka na mikeka yangu. Kesho, wakishanichukia zaidi, sijui kama nitaweza."

Mmoja mmoja tulisema hatutamwacha. Yule aliyesema yaya si mtu wa hapa sana alisema naye, akilia. Sikumsamehe siku hiyo, lakini nilimshika mkono.

Tukahamisha mawe. Tukayarudisha pale yalipokuwa kabla ya asubuhi ile ya kwanza, wala si hatua moja zaidi, ingawa mimi nilipendekeza tumsukume kidogo ili ajifunze. Mama prezidenti alinikatalia, na alikuwa na haki. Ndagala za dada wa mkubwa tukazitandaza kwenye kipande chake halisi, na zilizozidi tukazifunika vizuri kwenye mabeseni. Kisha kila mmoja wetu akatoa sehemu ya ndagala zake akaja kuitandaza kwa yaya, mchanganyiko, ili atakayezikanyaga azikanyage za kila mtu.

Dada wa mkubwa alikuja na vijana wawili wenye bunduki. Aliangalia mawe, akaangalia sisi.

"Nani amegusa samaki yangu?"

"Sisi," mama prezidenti akasema. "Mvua ilikuja, haukuwepo. Iko yote. Angalia."

Akaenda akaangalia. Akafunua beseni moja baada ya jingine, akachota, akanusa. Zilikuwa kavu kuliko zetu. Mmoja wa wale vijana akamwuliza, "Bamekuibia?" Akafunika beseni. "Hapana," akasema. Kijana akauliza tena, "Sasa tufanye nini?" Dada wa mkubwa alijua pale mchanga ulipoanza kuwa wake na pale ulipoishia, na alijua sisi tunajua, na yule kijana, ambaye shangazi yake alikuwa amesimama nyuma yangu, alianza naye kujua. Mama yule akaketi kwenye kiti chake cha plastiki, mgongo kwetu. "Tutaonana," akasema.

Sitaki mtu afikiri ninasema vita inazimwa kwa ufagio. Mji wenye mizinga mbele yake unataka askari, tena walioshiba na wanaolipwa. Ningekuwa mjinga kusema vingine, na wakimbizi waliolala chini ya mitumbwi yetu wangenicheka. Na siku ile kijana angeweza kupiga risasi. Sijui mpaka leo kwa nini hakupiga. Lakini ninachojua ni kwamba kabla ya askari, na baada ya askari, kuna jambo lile la watu wengi ambao hawajaguswa kukubali kusimama pale mmoja alipoguswa. Hilo mwenye kuamuru peke yake hana. Ana watu wanaomwogopa tu. Sisi tuna ubishi, uchelewaji, makofi ya kijinga nyuma ya kanisa, lakini tukishakubaliana kweli, tunakuwa wengi.

Tatizo ni kwamba kukubaliana si siku moja. Kuanzia hapo ilibidi tuje kila alfajiri, sote, kabla ya dada wa mkubwa, tufagie kipande cha yaya pamoja naye. Siku za mwanzo ilikuwa kama sikukuu. Tuliimba. Mmoja alileta uji. Nilijisikia mkubwa, namwamkia dada wa mkubwa kwa sauti tamu ili nimkere, naye anageuza shingo.

Kisha siku zikawa nyingi. Mtoto wa huyu akaugua malaria. Yule akasema muhogo wake unaliwa na nguruwe, lazima aende shambani mapema. Mwingine alisema mgongo. Wote walikuwa na sababu za kweli, hakuna aliyedanganya. Nyumbani redio ikawa inasema kuna nchi fulani, mbali, wananchi wake wamechoka kusikia habari za ile nchi inayomegwa vipande, wana shida zao. Mume wangu akasema, "Unaona?" Nilikuwa naweka miguu yangu kwenye maji ya moto.

Asubuhi moja ya baridi nilifika nikakuta yaya yuko peke yake. Ameanza kufagia. Hakuniuliza wengine wako wapi. Tulifagia sisi wawili, na kipande kilionekana kipana sana. Dada wa mkubwa alikuwa ameshafika. Hakuwa ametandaza kitu. Alikuwa amesimama kwenye mpaka, mikono nyuma, ananiangalia mimi, anamwangalia yaya, kisha anaangalia njia inayotoka kijijini, anaiangalia kwa muda, halafu anarudi kwetu. Alifanya hivyo tena na tena. Nilidhani anasubiri mtu wake. Kisha nikaelewa. Hakuwa anaangalia sisi tuliokuja. Alikuwa anaangalia nani hakuja.

Kwa mguu wake, bila haraka, alisukuma jiwe moja. Si mbali. Kiasi cha kiganja.

Yaya aliona. Akaacha kufagia, akasimama ameshika ufagio kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona anaogopa, uso wote, mdomo umefunguka kidogo. Hakusema tumemwacha. Aliniangalia tu, kama mtu anayetaka kujua mapema.

"Usitoke hapa," nikamwambia. "Hata akikutukana mama yako, usitoke."

Nilipanda kijijini nikikimbia, mimi mtu wa umri wangu, kitenge kinafunguka. Nilipiga mlango wa kwanza kwa ngumi. Ulikuwa wa mama prezidenti. Alifungua amejifunika blanketi, macho mekundu, nyuma yake mtoto anakohoa.

"Leo tena?" akasema.

"Leo tena, mama. Vaa."